Mlinzi wa Goli

Mwaka wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu wakae pamoja, familia ya Zenon ilihamishiwa kijiji kipya huku Kaengesa. Wenyeji hawakuwafukuza, ila hawakuwachangamkia. Shuleni, Josefina binti Zenon alikaa dawati la nyuma peke yake. Alikuwa mrefu kuliko wote darasa la sita, na Kalista, binti wa mwenyekiti wa kijiji, alimbandika jina la Twiga. Likashika. Asubuhi nyingi Josefina aliaga kwao, akaishia korongoni hadi kengele ya kutoka.

Mwalimu Hamisa, mzaliwa wa Sumbawanga mjini, alipoanzisha timu ya netiboli, alimweka Josefina alinde goli. Kalista alikuwa mfungaji. Siku ya kwanza ya mazoezi alirusha, Josefina akaudaka mpira hewani. Akarusha tena, ukadakwa tena. Kalista alinuna, mwishowe akacheka mwenyewe, akamwomba amfundishe kuruka vile.

Josefina akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Zenon akampiga marufuku kucheza: ulezi umekomaa, shule ni ya kusoma, michezo haivunwi.

Mwalimu Hamisa akamfuata nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Kama ni habari ya mpira, nimeshasema."

"Ni habari ya shule, baba. Tangu aanze kucheza hajakosa hata siku moja."

Zenon akamgeukia binti yake. "Kwani alikuwa anakosa?"

Josefina aliinama. Kisha alieleza yote: korongo, lile jina, na jinsi alivyokuwa akihesabiwa mgeni kila alikopita. Zenon naye tangu wahamie alikuwa hajakaribishwa hata kwenye pombe ya jirani. Akasema polepole kwamba angemruhusu, lakini shamba lile atalimaliza na nani kabla mvua ya mwisho haijauharibu ulezi?

Mwalimu aliifikisha habari hiyo kwa wachezaji, na Jumamosi timu nzima ilifika shambani na visu vya kuvunia, Kalista mbele, na nyuma yake mama yake na wanawake wa jirani. Walivuna wakiimba Kifipa, na jioni wakala pamoja uani kwa Zenon.

Wiki iliyofuata walicheza na shule ya Kasense, wakafungwa kwa goli moja. Walirudi kwa miguu wakibishana nani alikosea, na Josefina ndiye aliyebisha kwa sauti kubwa kuliko wote.