Rubi ya Ekitela

Siku ya tisa baada ya kumzika ndugu yangu Ekitela, Warfa alikuja nyumbani kwa mama, Kambi Garba, pamoja na mnunuzi wa mawe anayeitwa Marete. Warfa na ndugu yangu walikuwa wakichimba shimo moja, upande wa Biliqo. Lilipoporomoka, Warfa ndiye aliyemfukua kwa mikono. Kucha zake zilikuwa bado nyeusi.

“Habari zenu. Akiru, leta jiwe.”

Warfa hakukaa. Nililileta ndani ya kitambaa. Lilikuwa na ukubwa wa punje mbili za mahindi. Walilikuta mfukoni mwa ndugu yangu, na Warfa mwenyewe alinipa nilitunze mpaka matanga yaishe.

Marete alijifunika koti kichwani akalimulika kwa tochi yake ya mwanga wa zambarau. Chini ya koti jiwe liliwaka kama kaa la moto.

“Ganeti, lile jiwe jekundu la bei rahisi, ingebaki nyeusi,” alisema. “Hii ni rubi ya kweli.” Kisha akaweka lenzi jichoni. “Lakini ina nyufa kila mahali. Fundi akiigusa na mashine itapasuka.”

Warfa alimnyang’anya jiwe, akaligeuzageuza juani.

“Hili si letu.”

“Ni lile ulilonipa,” nikasema.

“Letu lilikuwa safi. Jekundu mpaka ndani, kama damu ya mbuzi. Hili lina ukungu. Umebadilisha.”

“Nibadilishe na lipi? Mimi nauza sukuma wiki, Warfa.”

“Leo unauza sukuma. Mwezi ujao tutakuona umejenga.”

Mama alikuwa ameketi kwenye ngozi mlangoni, kichwa kimenyolewa. “Usimtukane mtoto wangu kwangu.”

“Mama, wewe nakuheshimu. Lakini huyu ameibia maiti.”

Majirani walianza kusimama kwenye ua. Marete akacheka. “Hata taji la Mwingereza lina jiwe kubwa jekundu. Miaka mia kadhaa wanaliita rubi, kumbe ni spineli, jiwe jingine kabisa. Mtu akipenda jiwe haangalii.”

“Mimi niliangalia!” Warfa alifoka. “Babu yangu alipigana Burma na jeshi la Mwingereza. Yeye ndiye alituambia askari wa zamani huko walikuwa wakipasua ngozi na kushindilia rubi ndani ya nyama, ndiyo mkuki usiwaingie. Ekitela aliipenda hiyo hadithi. Hakuliacha jiwe hemani kwetu machimboni hata siku moja.”

“Na halikumkinga,” mama akasema.

“Lilikuwa mfukoni, mama. Halikuwa ndani ya nyama.”

Nilitaka kumpiga.

Lakini nilijua kilichotokea, tena nilidhani najua peke yangu. Nyumbani kwetu vitu vya marehemu huoshwa kabla mtu mwingine hajavitumia. Nilifua nguo zake, nikasugua sufuria yake, na jiwe nikalichemsha kwenye maji ya sabuni ya unga. Wachimbaji hawaoshi jiwe hivyo, ila mimi si mchimbaji. Mafuta yalielea juu ya maji. Nilipolitoa lilikuwa na mistari myeupe ambayo sikuwa nimeiona. Kwenye mkoba wake kulikuwa na chupa ya mafuta ya watoto, imebaki nusu. Ndugu yangu hakuwa na mtoto.

Rubi inaweza kukwaruza kioo na chuma, lakini ikiwa na ufa, ufa huo hunywa mafuta na kufichika. Nadhani Marete alikwisha kuelewa. Nilimwona akinusa vidole vyake. Alinyamaza, na mimi nikamwelewa: watu wakigombana, bei hushuka.

“Nipe hapa tarehe ya kulirudisha letu,” Warfa alisema. “La sivyo twende kwa chifu, na soko lote lijue wewe ni nani.”

Niliingia ndani nikatoka na ile chupa. Mama aliiona. Aliitambua.

“Akiru,” alisema polepole. “Kaa chini.”

Sikukaa. Nilichukua jiwe mkononi mwa Warfa, nikalipasha moto kidogo kwenye kijiko juu ya jiko, nikalimiminia mafuta, nikalifuta kwa leso. Mistari ilififia mmoja mmoja. Nilimrudishia.

Alilishika juani.

“Ndilo,” alisema. “Hivi ndivyo alivyonionyesha. Nilitaka kuondoka Aprili. Nilimwambia shimo limechoka, kuta zinalia. Akanionyesha hili, akasema chini kuna mengine.”

“Warfa…” nikaanza.

“Nyamaza. Nilimfukua mimi. Mimi!” Alimgeukia mama. “Mtoto wako alikuwa mwongo, na uongo wake ndio uliomzika.”

Alilitupa jiwe vumbini mbele ya miguu ya mama, akaondoka. Marete aliliangalia kidogo pale chini, kisha akamfuata. Majirani wakarudi kwao wakinong’ona jina la Ekitela.

Mama hakuliokota.

“Wewe ungeitwa mwizi, ungejitetea kila siku ya maisha yako,” aliniambia. “Yeye kaburini atajitetea na nini?”

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Tunaishi nyumba moja. Nikipika, mama hali chakula changu. Anawasha moto wake mwenyewe nyuma ya ukuta na kunywa chai yake huko.