K ya Miss Nicole

Kwanza ilikuwa ni kumnyamazisha jogoo. Nyanchoka alimfunika kwa kikapu cha kuchumia chai, juu yake akaweka jiwe, kisha akaliinamia lile kapu na kumwambia kabisa, "Leo ukiwika, jioni uko kwenye sufuria."

Hakuwa anatania. Jogoo huyo alikuwa ameshamtia matatani mara moja. Aliwika katikati ya somo, na mwanafunzi mmoja wa Vietnam akauliza kwa adabu kama huko Uingereza watu hufuga kuku ndani ya nyumba. Kampuni iliyomwajiri ilimpa onyo siku hiyohiyo.

Baada ya jogoo ikaja shuka. Alilitundika shuka la bluu ukutani kufunika udongo uliopasuka na kalenda ya kanisa, akaketi mbele yake, akajipaka mafuta midomo. Basi, mama Ruth wa Manga, mke wa Osoro, akawa Miss Nicole wa Kent. Kent yenyewe hakuijua. Alichojua ni kwamba ina mvua, na mvua hata Manga iko, tena ya kutosha.

"Mzungu wangu," Osoro alichungulia mlangoni na koti la mvua begani, "chai imebaki ama mmekunywa yote huko Ulaya?"

"Osoro, leo usinichekeshe. Leo ni mtihani."

"Si ulishafanya?"

"Mara mbili. Hii ikikataa, wananifungia akaunti. Na Ruth arudi nyumbani kutoka chuo tumwambie nini?"

Osoro aliacha kucheka. Alimimina chai mwenyewe, akainywa akiwa amesimama, akatoka kwenda shambani polepole, akaufunga mlango taratibu ili usilie.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha Kiingereza watu wa mbali kupitia kompyuta. Kampuni iliwaajiri walimu wa vijijini kwa sababu wanafanya kazi bila kelele, halafu ikawapa majina ya kizungu, kwa sababu wateja, walivyoambiwa, hawataki Kiingereza cha Mwafrika. Ukiulizwa unatoka wapi, unasema Kent. Ukikosea, unapelekwa kwenye mafunzo ya kuboresha ujuzi, na mwalimu wa mafunzo hayo alikuwa Mr. Bradley.

Mr. Bradley hakuwasha kamera hata siku moja. Pale ambapo uso wake ungekaa palikuwa na picha ya mzungu mwenye tai ya bluu, na sauti yake ilipitia puani kana kwamba ana mafua ya kudumu. Lakini tumpe haki yake, alijua kufundisha. Alimfundisha Nyanchoka kuuliza swali kisha anyamaze, ampe mwanafunzi nafasi ya kufikiri. Alimfundisha kutomkatiza mtu anapokosea. Miaka yote aliyofundisha shule ya msingi kwa kibarua cha bodi ya shule, hakuna aliyewahi kumwambia hayo.

Taabu ilikuwa herufi K.

Mtu aliyelelewa kwa Ekegusii, K ikikaa nyuma ya N, ulimi wake unaigeuza G wenyewe, bila kuomba ruhusa. *Think* inakuwa *thing*. *Bank* inakuwa *bang*. Ndivyo tulivyo, na tukiwa sisi kwa sisi hakuna anayesikia kasoro. Ila wiki iliyotangulia Mr. Bradley alimchezea Nyanchoka sauti iliyorekodiwa ya Thuy, mpishi wa kule Vietnam, mwanafunzi mpendwa wa Nyanchoka. Thuy alisikika waziwazi: "*I thing my uncle works in the bang.*"

"Umesikia?" Mr. Bradley aliuliza kwa Kiingereza chake cha puani. "Umemwambukiza."

"Labda si mimi, bwana."

"Huyu ana walimu wawili tu. Huyo mwingine namjua vizuri. Hana tatizo hilo."

Nyanchoka aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Tangu siku hiyo hakupumzika. Alishika kipande cha karatasi mbele ya mdomo akajifunza kuitoa K kwa pumzi, mpaka karatasi itikisike. Kwenye majani chai aliichuma K pamoja na jani: *think*, anachuma; *thank*, anachuma; *drink*, anatupa kapuni. Majirani wa mstari wa pili waliitana. "Mama Ruth, huo ni wimbo gani? Utufundishe na sisi!" Wakacheka mpaka wakashikana. Yeye akaendelea.

Siku hiyo ya mtihani, ilipofika saa nane mchana, mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya kilima. Taa ndogo nyekundu ya kurekodi ikawaka kwenye kompyuta.

"Habari ya mchana, Miss Nicole. Hali ya hewa Kent ikoje?"

"Nzuri sana, Mr. Bradley. Mvua kidogo."

"Soma."

Akasoma. Maneno yakapita kwenye kioo moja baada ya jingine, na kila lilipokuja lenye mlio wa NK alilisukuma kwa pumzi, karatasi ikicheza mbele ya midomo yake. *Think. Bank. Monkey. Uncle.* Hakuteleza. Alilijua hilo kifuani mwake kama anavyojua chumvi imetosha. Mr. Bradley hakumkatiza hata mara moja.

Ndipo stima ikapotea.

"Woi, si leo!" Nyanchoka aliruka, akanyakua simu, akaiunganisha na kompyuta kwa bando alilokuwa ameliweka kwa siku kama hii. Alijua atakuta Mr. Bradley amemwandikia sifuri na kuondoka zake. Kompyuta ikashika mtandao.

Mr. Bradley hakuwepo. Picha ya mwenye tai ilikuwa imetoweka na taa nyekundu imezimika. Kisha naye akarudi, sauti ikikatika.

"Samahani, Miss Nicole. Hapa London pia umeme una... una hitilafu kidogo."

Nyanchoka akakunja uso. London? Kabla hajafikiri zaidi, radi ikapiga ndani ya spika, ikanguruma. Na kabla haijaisha kunguruma kwa Mr. Bradley, ngurumo ileile ikafika juu ya mabati ya Manga, vikombe vikalia kabatini.

Kwenye spika mvua ikaanza kupiga, na ilipiga mabati. Mtu hawezi kudanganywa kuhusu mlio wa mvua kwenye mabati. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikaita kwa mbali, kwa Ekegusii, "Omwenga! Toka huko ndani, ng'ombe ananyeshewa! Omwenga!"

Na Mr. Bradley, mzungu wa tai ya bluu, akajibu kwa ukali wa mtoto aliyesumbuliwa: "*Baba, tiga!*"

Mama, acha!

Angesikia mgeni yeyote angedhani mtu huyo anazungumza na babaye. Ni kwetu tu ndiko mama huitwa *baba*. Karatasi ikamponyoka Nyanchoka ikaanguka sakafuni, mvua ikiongea pande zote mbili.

"Omwenga," akasema hatimaye, kwa Ekegusii. "Omwenga wa wapi?"

Upande wa pili kiti kikalia.

"Nakuuliza wewe, Mr. Bradley. Wa wapi?"

"Marani," ikajibu sauti. Haikuwa tena ya puani. Ilikuwa ya kijana tu, kijana wa kwetu, na ilikuwa inaogopa. "Dada, tafadhali. Usinichome, usimwambie mtu."

"Marani! Hapo tu ng'ambo! Kijana mdogo, umenitukana wiki nzima kwamba nazungumza kama mtu wa kijijini!"

"Si mimi. Ni kambuni. Na mimi wananisikiliza, dada. Unafikiri kuna mzungu hata mmoja huku? Hata huyo bosi wangu simjui ni wa wapi."

*Kambuni*. Nyanchoka alilisikia neno hilo, P yake imegeuka B nyuma ya M, na kitu kikamchoma, ila hakukiwahi. Alikuwa na swali moja.

"Niambie ukweli, mwanangu, stima ikiwa bado haijarudi. K yangu ikoje?"

Omwenga akashusha pumzi. "Iko sawa. Iko sawa kuliko yangu."

Nyanchoka alicheka kwa nguvu peke yake, akajishika kifua. Amepita! Atampigia Ruth jioni hii hii. Na huyo Omwenga, si atamtafuta siku moja sokoni Marani wanunue ndizi na kucheka mpaka machozi?

Stima ikarudi. Taa nyekundu ikawaka. Picha ya mwenye tai ikajitokeza tena, safi kabisa.

"Miss Nicole," ikasema sauti ya puani, "nasikitika. Matamshi yako bado hayajafikia kiwango cha mwalimu mzawa wa Uingereza. Akaunti yako itafungwa usiku wa leo."

"Nini? Omwe..."

"Kampuni inakutakia kila la heri."

Akakata. Jamani, akakata! Nyanchoka alikitazama kioo kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake mbele ya watu. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

Lilibaki somo moja la jioni, la Thuy. Angeweza kuliacha. Lakini Thuy alikuwa na usaili wa kazi ya meli, na mwanamke huyo hufanya mazoezi akiwa bado amevaa aproni. Nyanchoka akalishika shuka la bluu kwa mikono miwili, akalivuta. Misumari ikaruka. Ukuta wa udongo ukabaki wazi, na kalenda ya kanisa.

Thuy alipotokea kwenye kioo, alitabasamu, kisha tabasamu likasimama njiani.

"Ticha? Umehama?"

"Sijahama. Nimekuwa hapa siku zote. Jina langu ni Nyanchoka. Natoka Manga, Kenya. Leo ni somo letu la mwisho, na nimetaka tulifanye nikiwa mimi."

Thuy alifikiri kwa muda mrefu, na Nyanchoka akamwachia nafasi ya kufikiri, kama alivyofundishwa. Kisha uso wa mpishi ukang'aa, uso wa mtu aliyepata jibu la fumbo.

"Aa! Sasa naelewa! Ndiyo maana wewe husema *think*. Nilijiuliza sana. Mr. Bradley, ticha wangu wa Jumanne, yeye husema *thing*. Nikasema, Mr. Bradley ni mwanamume, ni mkubwa, ni Mwingereza. Nikamfuata yeye."

Nyanchoka akaikumbuka ile sauti ya puani. *Huyo mwingine namjua vizuri.* Alimjua vizuri, ee! Alikuwa ni yeye mwenyewe! Omwenga akawa anajisikia akisema *bang* kwenye ile sauti ya Thuy, akatafuta wa kumtwika kosa, akamkuta mama wa kwao.

Neno lilimjaa mdomoni: *Bradley wako ni Omwenga wa Marani*. Neno dogo tu, na kijana angekwisha. Kisha akamsikia tena akilini yule mama mzee akihangaika na ng'ombe kwenye mvua. Na kampuni? Kampuni ingetafuta Bradley mwingine kesho asubuhi, wala isingebadilisha tai.

Akalimeza. Akainama, akaiokota karatasi sakafuni.

"Thuy, chukua karatasi. Ishike hivi, mbele ya mdomo. Nitazame. *Think*."

Karatasi ikatikisika.

Thuy alichukua risiti ya jikoni kwake, akaishika vilevile, akatabasamu kwa heshima, heshima ya mtu asiyetaka kumuumiza mtu aliyekosea.

"*Thing*," akasema.

Risiti haikutikisika.

Nje, chini ya kapu, jogoo akawika kwa sauti yake yote. Nyanchoka hakugeuka. Aliisogeza karatasi karibu zaidi na midomo.

"Tena," akasema. "K. Tena."