Mbegu Iliyotoa Maziwa

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Nkoma, chama cha ushirika kilikuwa kimelala usingizi, na pamba ya jirani yangu Salu ikabaki nyumbani bila wa kuibeba. Ilijaa mpaka bati likanyanyuka, kuku wakawa wanapita juu ya ukuta bila kuinama. Mwenye shaka aje, ukuta bado upo.

Salu akaenda Bariadi kutafuta lori. Mkewe Nyanjige akabaki kuilinda. Kwa kuwa ghala la jirani mwingine lilikwishateketea kwa moto, akawa halali, ananusa moshi hata pasipo moshi. Ndipo blauzi yake ikalowa. Maziwa. Naye hajawahi kuzaa.

Mama mkwe wake, Milembe, hakupiga kelele. Alizifunga nguo za Nyanjige kwenye kanga.

"Mtoto umemficha wapi?"

"Mayu, mama yangu, sina mtoto. Ni hofu tu."

"Hofu? Mimi nimekamua tangu sijaota meno. Ng'ombe akiogopa anafunga maziwa. Wewe umeogopa, ukafungua? Rudi kwenu Kimali, na ng'ombe wetu wa mahari warudi."

Nikawasihi twende hospitali kwanza, nikawapakia kwenye mkokoteni wangu. Daktari Januarius alipima, mimba hakuna. Akapeleka damu Mwanza. Majibu yalipokuja tukarudi kwake, naye akabandua mbegu ya pamba iliyonasa kwenye kanga ya Milembe, akaiweka kiganjani.

"Chini ya ubongo kuna kitezi, kikubwa kidogo tu kuliko hii. Ndicho kinachoamuru maziwa. Mtu akiogopa, mwili humwaga homoni ya hofu, kisha huivunja. Hofu isipokoma, inamwagwa upesi kuliko inavyovunjwa. Kitezi kikivurugika, kinaweza kuamuru maziwa hata pasipo mtoto. Na homoni ya maziwa ikizidi, kama ilivyoonekana kwenye damu yake, inaweza kuzuia mimba."

Milembe aliitazama ile mbegu, akasahau kufunga mdomo.

"Kidude hiki kinamtawala mtu mzima?"

"Na ng'ombe pia, mama."

"Mbona ng'ombe anafunga?"

"Kwa ng'ombe maziwa yapo tayari, hofu inafunga mlango. Kwa huyu hofu inayatengeneza."

Milembe aliichukua mbegu, akaifunga kwenye pindo la kanga kama mtu afungaye dawa.

Tulipofika nyumbani, akalifungua lile furushi mwenyewe.

"Nenda kalale kwangu, mwanangu. Pamba nitailinda mimi."

Lori lilipokuja, kifua cha Nyanjige kilikuwa kimekauka, na habari za Kimali hazikutajwa tena. Ila Milembe, kila asubuhi nilipompa salamu ya mwangaluka, alijikagua blauzi kwanza kama imelowa, ndipo aitikie.