Presha ya Fundi

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Binti yake wa kwanza alianza kusema mapema, na akasema bila nukta wala mkato, mpaka watoto wa jirani wakambandika jina la Chiriku. Mama mtu naye akawa Mama Chiriku. Hata chuoni, alikoingia na miaka yake thelathini na miwili na kukuta wenzake wengi wametoka shule juzijuzi, jina lilimfuata. Mkufunzi akiita mahudhurio aliitikia lile la kwenye cheti; daftari likifungwa tu, anarudi kuwa Mama Chiriku.

Alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Nyumbani kulikuwa na Chiriku, miaka sita, na mdogo wake wa miezi kumi na mmoja ambaye bado ananyonya. Mumewe alikuwa seremala mwenye karakana nyuma ya nyumba, na watu wote, mpaka mama yake mzazi, walimwita Fundi. Mkewe alimwita Baba Chiriku kukiwa na amani. Akimwita Fundi, hata mtoto mchanga alijua hali si shwari.

Mama mzazi wa Fundi aliishi nao, na ndiye aliyeshika nyumba mkwewe akiwa chuoni. Siku barua ya kukubaliwa ilipofika alisema, "Nenda, mwanangu. Watoto nitawaangalia mimi. Ila siku utakayonichoma sindano, uwe na mkono mwepesi."

Mama Chiriku aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alinyonyesha, akachemsha chai, akasonga nywele za Chiriku huku kitabu cha mifupa kimeegemezwa kwenye kopo la sukari. Chiriku, aliyekuwa hataki kabisa kujifunza kuandika, alikwishashika majina ya mifupa yote ya mkono na aliyatangaza njiani kwenda shule. Mchana, huko wodini, maziwa yakimjaa, mama aliomba dakika kumi, akajifungia kwenye stoo ya mashuka na kukamua. Mwanzoni alikamua amesimama. Siku moja akakuta sista mkuu wa wodi amemwekea kiti humo. Tangu hapo akawa anakamua amekaa.

Basi mambo yalikwenda hivyo, kwa kubanabana, mpaka likaja zoezi la presha. Kila mwanafunzi alitakiwa kupima watu ishirini na kuandika matokeo kwenye daftari lake la vitendo. Chuo kiliwaazima mashine kwa wiki moja, zile za kubinya kwa mkono huku unasikiliza mapigo. Mama Chiriku akaona aanzie nyumbani, Jumamosi baada ya chakula cha mchana.

Chiriku alijipa kazi ya mapokezi. Alikaa mlangoni na kalamu sikioni, akipaza sauti, "Anayefuata!" ingawa waliokuwepo ni bibi, jirani mmoja na paka. Bibi alipimwa wa kwanza: mia moja ishirini na nane kwa themanini.

"Presha ya msichana hii, mama," Mama Chiriku akamwambia.

"Nilijua," bibi akajibu, akashusha mkono wa gauni lake kwa maringo.

Jirani naye alikuwa salama. Fundi akaitwa kutoka karakanani, akaja na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akanyoosha mkono wake mnene juu ya meza. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tisa, anayebeba mlango mzima begani peke yake. Mkewe akafunga mkanda, akabinya, akaachia hewa polepole, akasikiliza. Akakunja uso.

"Mia moja sabini na nane kwa mia moja kumi na mbili."

"Hiyo presha au namba ya nyumba?" Fundi akauliza.

Jirani akacheka. Mama Chiriku hakucheka. Alimwambia akae dakika tano, aegemee kiti, miguu yote miwili chini, na anyamaze. Akapima tena: mia moja sabini na nne kwa mia moja na kumi. Akahamia mkono wa pili. Hali ni ileile.

"Baba amepata nyingi kuliko bibi!" Chiriku akapiga makofi. "Baba ameshinda!"

"Mashine yenu mbovu," Fundi akasema, akainuka. "Siumwi kichwa, siumwi kifua. Nina kabati la watu la kumalizia."

Mama Chiriku alibaki na mkanda mkononi. Maneno ya darasani aliyajua vizuri: presha inaweza kukaa mwilini miaka bila kubisha hodi. Lakini aliyajua kwa ajili ya mtihani tu. Hakuwa amefikiria kwamba ingekaa mezani kwake, ikila wali na maharage pamoja nao.

Alichofanya baada ya hapo alikifanya kwa nia njema, na kwa fujo. Kesho yake aliondoa chumvi mezani. Akabandika karatasi ukutani jikoni: vinavyoliwa, visivyoliwa. Akapika mboga za majani bila chembe ya chumvi, na bibi, baada ya tonge la kwanza, akauliza kwa upole kama kuna mtu amefiwa. Kila jioni Fundi alikutana na somo: mishipa, figo, moyo, kiharusi. Kila jioni aliambiwa aende kliniki, na kila jioni alijibu "nitaenda" kwa sauti ya mtu asiyekwenda mahali.

Siku ya nne Chiriku, ambaye siri kwake haikai hata dakika mbili, alitangaza kwenye chakula: "Baba ana chumvi yake karakanani. Iko kwenye kopo la misumari."

Tonge la Fundi likaishia njiani.

"Fundi," Mama Chiriku akasema.

"Ndiyo, nina chumvi," Fundi akasema. "Mtu mzima anaficha chumvi kama mwizi ndani ya nyumba yake! Mimi nilioa mke, sikuoa wodi." Akaacha sahani, akatoka.

Kuanzia wiki hiyo zamu ya vitendo ya Mama Chiriku ilikuwa kliniki ya wagonjwa wa presha. Alhamisi asubuhi alipewa mgonjwa wake wa kwanza wa kuzungumza naye, dereva wa lori, mtu wa makamo, ambaye dawa za mwezi mzima alirudi nazo karibu zote. Mama Chiriku alimwambia juu ya mishipa, figo, moyo na kiharusi. Alimwambia vizuri, kwa mpangilio, bila kusahau kitu. Dereva alitikisa kichwa kila mara, akasema "asante sista", akaenda kukaa kwenye benchi.

Mkufunzi wake, mwanamume mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. Alimvuta pembeni ya dirisha.

"Umemwambia mambo tisa. Nimehesabu. Yote sahihi," alisema. "Yeye amekwambia mangapi?"

Mama Chiriku akafikiri. "Hakuna, mwalimu."

"Basi hujamhudumia. Umemhutubia. Hajaondoka bado, nenda."

Alirudi kwenye benchi, akakaa karibu na yule mtu, akatafuta la kusema, na mwisho akauliza tu: "Baba, hizi dawa zinakusumbua nini?"

Dereva aliangalia huku na huku kwanza. Kisha akasema kwa kunong'ona kwamba zinampeleka haja ndogo kila baada ya muda mfupi, na yeye yuko na lori la tajiri barabarani, hawezi kusimama kila kichakani. Kwa hiyo akiwa na safari anaziacha, na safari ni kila siku. Basi ni hilo tu. Mama Chiriku alimrudisha kwa daktari, daktari akabadilisha dawa, na jambo lililochukua mwezi kuharibika likatengenezwa robo saa.

Njiani kurudi nyumbani hakufungua kitabu. Alipofika alimnyonyesha mtoto, akamkabidhi kwa bibi, akapita moja kwa moja kwenda karakanani na sare yake mwilini. Fundi alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Hakuinua macho. Mama Chiriku alifuta vumbi kwenye gogo, akakaa.

"Sikuja kukufundisha," akasema. "Baba Chiriku, unaogopa nini?"

Randa ikaenda, ikarudi, ikaenda. Halafu ikasimama.

"Unajua baba yangu alikuwa seremala," Fundi alisema. "Hii randa ni yake. Alikuwa mzima kama mimi. Akaenda kupimwa, wakamwambia ana presha, wakampa vidonge. Haikupita miezi mitatu akaanguka hapo mlangoni, mdomo umekwenda upande, mkono umekufa. Akakaa miaka miwili ya kulishwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano, mimi ndiye niliyekuwa namnyoa ndevu." Alipuliza vumbi kwenye ubao ingawa halikuwepo. "Kabla ya vidonge alikuwa mzima. Wewe soma vitabu vyako, mimi hilo nililiona kwa macho."

Mama Chiriku alikuwa na jibu. Lilikuwa ukurasa fulani, upande wa kushoto, alikuwa amelipigia mstari. Akaling'ata kwa meno. Miaka minane ya ndoa na hakuwa amewahi kusikia habari ya kunyoa ndevu.

"Vidonge gani?"

Ilikuwa sauti ya bibi. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Alikuwa amekuja kusema chai imeiva.

"Vidonge vya baba," Fundi akasema.

"Baba yako alimeza wiki tatu tu," bibi akasema. "Akasema amepona, kichwa chepesi, dawa za nini. Mimi nikadhani anameza, maana kila asubuhi alikuwa anaomba maji. Alipoanguka nikafua koti lake la kazi, nikavikuta mfukoni, vyote vilivyobaki."

Fundi alimtazama. "Hukusema."

"Ningesema nini? Mtu yuko kitandani, hata jina lake halimtoki vizuri, nianze kumtangaza kwamba alijitakia? Nilivitupa, nikanyamaza." Akambadilisha mtoto kiuno. "Na wewe ulikuwa mtoto. Sikujua umebeba hilo mpaka leo. Ningejua ningekwambia siku nyingi."

Hakuna aliyelia. Fundi alikaa kwenye rundo la mbao, akamchukua mtoto, na mtoto akaanza kumtoa vumbi la mbao kwenye ndevu moja moja. Chai walikunywa imepoa.

Jumatatu Fundi alivaa shati safi akaenda kliniki. Mkewe alikuwepo, lakini sheria ya pale ni kwamba mwanafunzi hahudumii ndugu yake, kwa hiyo Fundi alipewa mwanafunzi mdogo kuliko wote darasani, msichana mwembamba ambaye wenzake walimwita Kimya. Kutoka meza ya pili Mama Chiriku alimsikia mumewe akiuliza maswali ambayo hakuwahi kumwuliza yeye: Vidonge ni vya maisha? Naweza kunyanyua mbao? Vinaharibu nguvu za nyumbani? Kimya, masikio yamemwiva kwa haya, alijibu moja baada ya jingine. Mama Chiriku alisikia wivu kidogo, wa kijinga, na alijua ni wa kijinga. Akaendelea kuandika.

Nyumbani ile karatasi ya jikoni ilibanduliwa. Bibi alichukua suala la chumvi mikononi mwake na kuipunguza kila siku kidogokidogo, akiziba pengo kwa ndimu na vitunguu saumu, mpaka siku walipokula kwa jirani wakaona chakula chote ni chumvi. Fundi alimeza kidonge asubuhi mbele ya Chiriku, aliyemkagua mpaka chini ya ulimi. Jioni alifunga karakana mapema, akamweka mtoto begani, wakazunguka mitaa minne kwa miguu.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Zile siku za vita ya chumvi Mama Chiriku hakuwa amesoma, na matokeo ya mtihani wa dawa yalipobandikwa, alikuwa ameanguka kwa alama nne. Alilia kwenye stoo ya mashuka, amekaa kwenye kile kiti, kisha akanawa uso na kurudi wodini kutandika vitanda sita. Nyumbani alisema wakati wa kula, bila kuzungusha: nimefeli, nitarudia baada ya wiki sita, na siwezi kusoma hivi ninavyosoma.

Alitegemea kuonewa huruma. Bibi aliuliza, "Unahitaji saa ngapi?"

"Mbili. Kila siku. Bila mtu kuniita."

"Kuanzia saa kumi na moja jioni," Fundi akasema. "Kuoga kwa watoto ni kwangu. Na chai ya asubuhi."

Siku za kwanza zilikuwa balaa. Mtoto alilia nyuma ya mlango, Chiriku alienda shule na viatu vya miguu tofauti, na chai ya Fundi ilinyweka kwa adabu tu. Mama Chiriku aliziba masikio kwa vidole akakariri majina ya dawa. Mara mbili aliinuka kwenda kusaidia, mara mbili bibi akamrudisha kwa kumwonyesha kitabu kwa kidevu. Wiki ya tatu mtoto alikwishazoea mkono wa baba yake, akawa analia akitolewa kwenye beseni.

Alirudia mtihani akapita, si kwa kishindo, alama sitini na saba. Mwezi uleule presha ya Fundi ilisoma mia moja thelathini na nane kwa themanini na sita. Daktari alimwambia asiache dawa, na yeye akajibu kwamba anajua habari za kuacha dawa kuliko daktari.

Asubuhi moja baadaye, Mama Chiriku alifungua mlango kwenda chuoni akakuta wanaume watatu wamesimama uani: wachomeleaji wawili na mpaka rangi mmoja, rafiki zake Fundi, kila mmoja amekunja mkono wa shati mpaka begani.

"Fundi ametuambia tuje tupimwe," mkubwa wao akasema.

Mashine ya chuo alikuwa ameirudisha zamani, na saa ilikuwa inakimbia. Aliwaambia siku ya kliniki na mlango wa kuingilia, akawaambia wasivute sigara kabla ya kupimwa, wakae kwanza watulie. Halafu akamwuliza kila mmoja kama kuna kitu kinachomtia hofu. Mpaka rangi alisema hakuna. Wachomeleaji wakatazamana. Mama Chiriku akaweka mkoba wake chini, akavuta kigoda, akakaa kuwasikiliza.