Asiyepanda Ameridhia

Kulikuwa na nchi, na anayetaka kuijua asihangaike na ramani, iliyotawaliwa na mbuzi. Mfalme wake aliitwa Beberu, mawaziri wake wote walikuwa mbuzi, na kwa kuwa mbuzi hana raha mpaka awe juu ya jiwe, kila jambo la maana katika nchi ile liliwekwa juu. Ukumbi wa Baraza ulijengwa kwenye kilele cha mlima, na njia pekee ya kuufikia ilikuwa ngazi nyembamba, zilizochongwa kwa kipimo cha kwato za mbuzi. Kila mwaka Mfalme aliongeza ngazi nyingine, kwa ajili ya heshima ya taifa, na kila mwaka raia waliofika juu walipungua. Jambo hilo halikumnyima usingizi, maana sheria ya kwanza ya nchi ilisema hivi: asiyepanda kutoa neno lake barazani, ameridhia.

Ndiyo maana nchi ile ilisifika kwa umoja. Kila azimio lilipita bila kupingwa. Wageni walipouliza siri ya utulivu ule, Waziri wa Ngazi, mbuzi mwenye ndevu nyingi na busara haba, aliwaonyesha viti vitupu vya raia akasema kwa fahari, "Mnaona wenyewe. Hakuna hata mmoja mwenye malalamiko."

Chini ya mlima, kando ya chemchemi, aliishi Punda aliyeitwa Mama Sikitu. Katika ujana wake ndiye aliyebeba mawe ya ngazi zile, mpaka siku jiwe moja lilipomwangukia mguu wa nyuma, ukavunjika usipone tena. Ikulu ilimtumia salamu za pole na kumtafuta punda mwingine. Tangu hapo alitembea kwa kujikokota. Hakuwa na kitu duniani ila binti yake, Sikitu, na kwake huyo alitosha.

Asubuhi moja akapita mpiga mbiu. Baraza lilikusudia kumchukua Sikitu abebe maji kutoka chemchemi hadi Ikulu, maisha yake yote. Mzazi mwenye pingamizi apande siku ya Baraza, akaseme.

 Mama Sikitu alizijua ngazi zile kuliko waliozichora, na alijua zinavyomfanya mwenye mzigo mgongoni.

"Nitapanda," alimwambia jirani yake, mzee Nungunungu, ambaye alikuwa kipofu.

"Utapanda kwa mguu upi, mwanangu?" aliuliza Nungunungu. "Mimi nilikwenda mwaka ule waliponinyang'anya shamba langu la mihogo. Nikapapasa ngazi kwa ngazi, nikaikosa moja, nikaporomoka hadi hapa chini. Unajua walisemaje huko juu? Walisema, Nungunungu alikuja, akaona hana hoja, akarudi zake."

"Basi wajenge njia isiyo na ngazi."

"Waambie. Sauti haina mguu mbovu."

Akawaambia. Alipaza sauti akiwa amesimama chini ya mlima, na wengine wakaja kusimama naye: wazee wasio na magoti, akina mama wajawazito, waliozaliwa bila mguu na waliokatwa. Kelele zikapanda mahali ambapo wenyewe hawakuweza.

"Wanataka nini hao?" Mfalme aliuliza barazani.

"Njia yenye mwinuko mpole, Mtukufu," alijibu Kondoo, katibu wa Baraza. "Ili hata mwenye ulemavu afike."

"Kwani ngazi zina ubaya gani? Mimi leo nimezipanda."

"Na umezipanda kwa madaha, Mtukufu," wakaitikia mawaziri.

Waziri wa Ngazi akasimama. "Mtukufu, tukiwajengea, watapanda. Wakipanda, watasema."

 Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho raia kusema humo, na wazo lile liliwatia kichefuchefu.

"Tujenge," alisema Mfalme hatimaye. "Ila tujenge kwa hekima."

Wakajenga. Ilikuwa njia nzuri, haikosi sifa yake: mawe yaliyosuguliwa, kingo zilizopakwa chokaa, maua kila upande. Ila ilianzia juu ya ngazi tatu. Kama ule ulikuwa ujanja au upumbavu ni vigumu kusema. Kwa mbuzi wale, hivyo viwili vilikula sahani moja.

Siku ya Baraza, Mama Sikitu alifika mapema. Majirani walimsukuma na kumnyanyua, goti likachubuka, lakini akazivuka zile tatu. Alipokanyaga njia mpya moyo ulimruka kwa furaha. Mguu uliuma lakini ulikwenda. Alikuwa amefika nusu ya mlima, tayari anauona mlango wa ukumbi, askari mbuzi aliposhuka kumzuia.

"Rudi, mama. Njia haijazinduliwa."

"Itazinduliwa lini?"

"Baraza likishamalizika."

"Lakini Baraza ndilo ninaloliendea! Wanamchukua mwanangu!"

"Usitie doa njia ya Mtukufu," alisema askari, akimtazama goti linalovuja damu.

Mama Sikitu akainua shingo, akalia kwa nguvu zote punda alizopewa. "Sijaridhia! Sijaridhia!"

"Nasikia sauti," alisema Kondoo ukumbini.

"Sheria haitambui sauti," alisema Mfalme. "Inatambua waliofika. Kuna aliyefika?"

Hakukuwa na aliyefika. Azimio likapita, kisha wakatoka kukata utepe. Waziri wa Ngazi alihutubia kirefu juu ya mapenzi ya serikali kwa ndugu zetu wenye ulemavu, na mmoja wa ndugu hao akateremshwa kwa kusukumwa ili asionekane katika sherehe. Jioni hiyohiyo Sikitu alipitishwa mbele ya mama yake akipandishwa Ikulu, mapipa mgongoni.

"Usilie, mama," alisema. "Watafurahi."

Mama Sikitu hakulia. Alijikokota hadi chemchemi akalala palepale maji yanapotokea. Nungunungu akaja akakaa kando yake, miiba imesimama, na raia wote wa chini wakawazunguka.

"Hakuna maji yanayopanda," alisema Mama Sikitu, "mpaka mwanangu ashuke."

"Na asiyeshuka kuyaomba ameridhia kiu, siyo?" alisema Nungunungu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka, watu wa chini wakacheka.

Juu, mapipa yakakauka. Mfalme alitoa amri, lakini wa kuitekeleza walikuwa na ndimi kavu. Askari walishuka wa kwanza, mikuki mikononi, wakakuta maji yako wazi kwa yeyote atakayesema mbele ya wote: Sikitu arudi. Walisema haraka kuliko walivyowahi kusema lolote. Mawaziri wakafuata, kisha Kondoo. Waziri wa Ngazi aliyasema maneno hayo mara mbili, akidhani mara mbili ni maji mara mbili. Askari yuleyule wa njiani ndiye aliyepanda kumfungua Sikitu, akamleta kwa njia yenye maua. Mama alimnusa shingoni, akamlamba mahali kamba ilipomkata, na hapo ndipo alipolia.

Huko kileleni Mfalme Beberu, aliyeona ni aibu kushuka, aliitisha Baraza la dharura. Akasoma mwenyewe azimio kwamba nchi haina kiu. Akauliza kama kuna anayepinga, akangoja kwa adabu, akalitangaza limepita.