Suruali ya Mukuka na Sala ya Mama Suzanne

Mwaka ule wa sabini na nne, pale Nchelenge, kijana asiye na suruali ya bugaluu hakuhesabiwa. Mukuka alinunua yake kwa Valère, mchuuzi aliyevuka ziwa kutoka Zaire. Chini ilikuwa pana ya kufagilia uwanja, kiunoni nyembamba ya mtoto wa shule. Naye Mukuka alikuwa mvuvi, pande la mtu, kifua na tumbo. Suruali ikagoma mapajani.

Mtu mwenye akili angerudisha suruali. Mukuka akaamua kurudisha tumbo. Alimpenda Léonie, binti wa Mama Suzanne, muuza samaki wakavu aliyetoka ng'ambo ya ziwa, na katika picha zote za studio alizoziona, vijana waliopendwa walikuwa wembamba kama fito. Wiki tatu akashinda na chai kavu. Jumamosi suruali ikaingia, dada yake Olipa akimkandamiza kwa goti mgongoni.

Jumapili, baada ya misa, Mama Suzanne akamwalika chakula. Mukuka alijua mwaliko huo si wa bure: leo ndipo itakapojulikana kama ataruhusiwa kumposa Léonie.

Bukari, ugali wa kwao, likaletwa, linafuka, pamoja na samaki mpale wa mchuzi wa nyanya. Mukuka alikaa upandeupande, maana kuketi sawasawa kulikuwa hatari. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Akamega tonge moja, akaishia hapo.

"Juu ya nini haukule, mutoto wangu?" Mama Suzanne akauliza.

Kizunguzungu kikampata. Kiswahili chake cha sokoni kikamtoroka, likabaki neno la Kibemba la nyumbani. "Nsala, mama," akanong'ona. "Nsala."

Kwa Kibemba ni njala. Mama Suzanne, ambaye Kibemba chake kiliishia kwenye bei ya samaki, akasikia sala. Uso ukamchanua.

"Léonie, umesikia? Wenzake wanakimbiliaka bukari, yeye anatafuta Mungu kwanza. Sali, mutoto."

Mukuka akasali. Akawaombea wagonjwa, wajane na wote wavukao ziwa, jicho moja likiwa kwa mpale. Aliposema amina, Mama Suzanne alikuwa anafuta machozi.

"Leo tutafunga pamoja mpaka kesho," akasema. "Léonie, ondosha chakula."

Mchumba alikuwa amepatikana. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Léonie akainua sahani. Mukuka akaishika upande wa pili.

"Haina sala, mama," akasema. "Ni njala. Miye si mutu wa sala. Nilijikondesha juu ya hii pantalo."

Akainamia bukari. Suruali ikapasuka kuanzia nyuma hadi karibu na goti, kwa kishindo kilichotawanya kuku.

Alitamani ardhi immeze, lakini bukari alilitamani zaidi, akala. Mama Suzanne akamtupia kikwembe ajifunike, akamwongezea mchuzi. Mukuka akamaliza sahani ya pili akiwa hathubutu kuinua macho.

"Mama alikuita leo aone kama unakulaka," Léonie akamwambia polepole. "Vile ulikonda, alisema hawezi kunipa mutu wa kufa."

Mukuka akaomba sahani ya tatu.