Siku ya Thelathini na Moja

Wodini walimbandika muuguzi mmoja jina la Bado, na lilimkaa. Kosa la programu ya wagonjwa aliligundua yeye: ukifungua faili mara moja, mstari wa dawa zinazomdhuru mgonjwa unatokea mtupu, ukilifunga na kulifungua tena, mstari unajaa. Aliwaandikia watengenezaji. Kimya. Waungwana hao walikuwa na utaratibu wao: ripoti isiyoguswa kwa siku thelathini hujifunga yenyewe na kuhesabiwa imetatuliwa. Basi kila mwezi, kabla siku hizo hazijatimia, muuguzi huyu aliingia na kuandika neno moja, "Bado." Mara kumi na tisa. Juu ya kompyuta alibandika karatasi: FUNGUA MARA MBILI.

"Sista, hujachoka kuupigia ukuta kelele?" matroni alimtania.

"Nikichoka mimi atakufa mtu, matroni."

Kisha baba yake akalazwa hapo hapo, kifua kimembana, hata kusema hawezi. Penisilini iliwahi kumwangusha ujanani, na faili lake lilisema hivyo. Kwa sheria ya wodi muuguzi hamhudumii ndugu yake, kwa hiyo Bado alichukua likizo, akakaa pembeni ya kitanda kama binti tu. Siku zikampotea. Ya thelathini ilipita akimkata mzee kucha.

Asubuhi iliyofuata matroni alipata ujumbe wa watengenezaji: tatizo limetatuliwa. Alifurahi, maskini, akabandua karatasi na kuitupa. Habari njema alipanga kumpa Bado wakati wa chai.

Bado alikuwa bombani akifua shati la mzee. Muuguzi mgeni alifungua faili mara moja, akaona mstari mtupu, akamdunga mzee penisilini. Bado aliporudi, shati likimchuruzika mkononi, midomo ya baba ilikuwa imevimba na watu sita wamemzunguka. Hawakufua dafu. Kabla ya chai walimfunika shuka.

Machozi hayakutoka. Katikati ya hasira tupu simu ikalia mfukoni: "Tumefurahi kutatua tatizo lako. Umeridhika na huduma yetu?"

Akaandika, vidole vikinuka sabuni: "Bado."

Jibu lao la kwanza tangu aanze kuwaandikia lilifika papo hapo. Ripoti iliyofungwa haipokei maoni. Tafadhali fungua mpya.